Kuendesha klabu ya filamu mtaani Nairobi: ruhusa, ukumbi, sauti na mjadala

Klabu ya filamu isiyo ya faida haihitaji jumba la sinema. Inahitaji ukumbi unaoweza kutiwa giza, projekta moja, spika mbili, filamu iliyopatikana kwa haki, na mtu anayejua kuuliza maswali taa zikishawashwa. Taasisi kubwa za filamu kama British Film Institute, iliyoanzishwa London mwaka 1933, au Cinémathèque française ya Paris, iliyoanzishwa 1936, zina maghala ya mikanda na kumbi zao wenyewe. Ila kazi yao ya msingi ni kuhifadhi filamu, kuionyesha ilivyokusudiwa na kuwafundisha watu kuitazama. Kikundi cha Kayole, Kangemi au South B kinaweza kuzishika vizuri hizo mbili za mwisho.

Tilia mkazo neno "ilivyokusudiwa". Mtu wa kiti cha nyuma asiyesikia maneno, au anayeona uso wa mhusika kama doa jeusi, hajaiona filamu hiyo hata kama alikaa mpaka mwisho. Hakuna mjadala utakaofidia hilo. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye mwanga na sauti.

Kikundi na karatasi zake

Anzeni kama kikundi cha jamii. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, na usajili hufanyika kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Nendeni na katiba, kumbukumbu za mkutano uliowachagua viongozi, na orodha ya wanachama pamoja na nambari za vitambulisho. Mkikua hadi kutafuta ufadhili mkubwa, ndipo mfikirie usajili chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, ambayo ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Kuanzia huko juu moja kwa moja ni kujitwika ripoti na ukaguzi wa hesabu kabla hamjaonyesha filamu hata moja.

Katiba iwe na vifungu viwili ambavyo vikundi vingi husahau. Cha kwanza kiseme kwamba pesa zinazobaki hurudi kwenye kazi ya klabu wala hazigawanywi. Cha pili kiseme vifaa ni mali ya klabu, na klabu ikivunjika vitapewa shule au kikundi kingine kama hicho. Bila kifungu hicho, projekta huishia sebuleni kwa mtu.

Mbali na mwenyekiti na mweka hazina, gawaneni kazi za usiku wa onyesho: fundi wa picha, fundi wa sauti, mpangaji wa filamu, kiongozi wa mjadala, na watu wawili wa mlangoni. Kila mmoja awe na msaidizi anayejifunza kazi hiyo, maana fundi wa sauti akipata kazi Mombasa klabu isinyamaze.

Ruhusa mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine

Ya kwanza ni ya mwenye filamu. DVD uliyonunua, au akaunti ya filamu za mtandaoni unayolipia kila mwezi, ni ya matumizi ya nyumbani. Haikupi haki ya kuonyesha mbele ya umma, hata kama watu wanaingia bure. Andikieni mtayarishaji au msambazaji wiki 6 hadi 8 kabla ya siku. Barua itaje jina la filamu, tarehe, ukumbi, idadi ya viti, kiingilio kama kipo, mara ngapi itaonyeshwa, kama mtaweka manukuu ya Kiswahili (tafsiri inayoandikwa chini ya picha), aina ya faili mnayoomba, na nani ataitunza na kuifuta baadaye. Barua isiyotaja idadi ya viti wala kiingilio hurudishiwa maswali, na hapo mnapoteza wiki nzima.

Kwa filamu za Kenya njia ni fupi zaidi. Waongozaji wengi wanaishi hapa hapa Nairobi, na ombi la heshima linaloambatana na mwaliko wa kuja kujibu maswali hupokelewa vizuri. Walipeni, hata kama ni kidogo, na nauli juu yake. Klabu kutokuwa ya faida hakumaanishi msanii naye afanye kazi ya bure.

Kwa filamu za kale, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi za picha na sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka zilipotengenezwa, zilipotolewa kwa umma au kuchapishwa, ikihesabiwa tarehe ya mwisho kati ya hizo. Filamu bubu za mwanzo wa karne ya 20 kwa hiyo ziko huru hapa kwetu. Angalia tu nakala yenyewe: muziki uliorekodiwa upya juu yake unaweza kuwa na mwenyewe.

Ruhusa ya pili ni ya Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya, KFCB, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Filamu ya kuonyeshwa kwa umma iwe imeainishwa: GE kwa watu wote, PG kwa mtoto anayeongozwa na mzazi, kisha 16 na 18. Filamu iliyokwisha kupita kwenye majumba ya sinema nchini huwa na daraja lake. Filamu fupi na zile za matamasha mara nyingi hazina, na ndizo klabu huzipenda zaidi, kwa hiyo pelekeni orodha ya msimu mzima kwa mpigo mmoja, mapema, na mwulize hapo hapo kama ukumbi wenu nao unahitaji leseni. Daraja liandikwe kwenye bango na mlangoni, na watu wa mlangoni walisimamie.

Kwa onyesho la uwanjani, pelekeni pia barua kwa chifu na kwa mkuu wa kituo cha polisi, mkitaja saa ya kumaliza. Bakini na nakala zilizopigwa mhuri, na siku yenyewe ziwe mfukoni mwa mtu wa mlangoni.

Kuchagua ukumbi na saa

Kumbi za jamii za kaunti, kumbi za makanisa, maktaba na madarasa makubwa zote zinafaa. Kinachokosewa ni kwenda kuutazama ukumbi Jumanne asubuhi ilhali onyesho ni Jumamosi jioni. Nenda siku na saa ile ile ya onyesho. Hapo ndipo utakaposikia kwaya inayofanya mazoezi ukuta wa pili, fundi wa kuchomelea, kinu cha posho, na makanga wa stejini.

Tazama juu. Paa la mabati lisilo na dari likipigwa na mvua huua sauti yoyote. Hakuna spika ya kikundi itakayoshinda mvua kubwa. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Miezi hiyo tafuteni ukumbi wenye dari, na mabati myaachie Januari, Februari, na kipindi cha Juni hadi Septemba.

Giza ni la kutengenezwa. Madirisha mengi ya kumbi hizi yako juu karibu na paa, na pazia halifiki. Nunueni dukani kwa vifaa vya ujenzi ile nailoni nyeusi nzito ambayo fundi huitandaza chini ya slabu, mpime kila dirisha, mkate kila kipande kikiwa kikubwa kwa sentimita 10 kila upande, kisha mkiandike nambari ya dirisha lake kwa chaki. Mara ya pili kazi ya saa mbili itakuwa ya dakika 20. Acheni wazi matundu ya ukuta wa nyuma, ule ambao mwanga wake hauigongi skrini moja kwa moja, kwa sababu watu 80 ndani ya ukumbi uliofungwa kabisa huanza kusinzia kabla ya nusu saa. Milango ya kutokea isizibwe wala kufungwa kwa kufuli. Kipimo cha giza ni rahisi: zima taa, simama katikati. Ukiweza kusoma gazeti, bado.

Uwanjani hakuna haja ya nailoni, lakini saa haibishani. Nairobi iko karibu na ikweta, na jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi mwaka mzima. Filamu ianze saa moja na robo. Ukianza mapema kwa sababu watu wamefika, dakika 15 za mwanzo, ambazo ndizo zinazomtambulisha kila mhusika, zitapotea kwenye mwanga.

Kuhusu siku: Jumapili kumbi nyingi zimekodiwa na makanisa, na Jumamosi jioni kuna mpira wa Uingereza. Msishindane na mechi kubwa, mtashindwa. Tazameni ratiba ya ligi kabla ya kuchapa bango. Ndani ya ukumbi uliotiwa giza mnaweza kuanza saa tisa alasiri na kumaliza na mjadala wake kabla ya saa kumi na mbili na nusu, watu wapate matatu nauli haijapanda.

Skrini na projekta

Skrini yenye upana wa mita 3 inatosha watu 80. Kwa picha ya 16:9, kimo chake ni mita 1.69. Kutokana na kimo hicho pangeni viti: safu ya kwanza iwe mita 3 kutoka kwenye skrini, ya mwisho isizidi mita 10, yaani takriban mara sita ya kimo. Safu 8 za viti 10, zikiachana kwa sentimita 90, zinaingia hapo, pamoja na njia ya katikati ya mita 1.2. Sakafu ikiwa tambarare, ukingo wa chini wa skrini uwe mita 1.3 hivi kutoka chini, kwa sababu kichwa cha mtu aliyeketi kinafika karibu mita 1.2. Viti vipishane, mtu aangalie kati ya mabega mawili ya mbele.

Shuka jeupe ndilo kosa la kawaida. Mwanga hulipenya, kwa hiyo picha hufifia, na mikunjo huonekana kwenye kila uso. Eastleigh wanauza kitambaa cha pazia kisichopitisha mwanga, upande mmoja mweupe. Tafuteni kilicho kipana vya kutosha ili upana wake uwe kimo cha skrini, pasiwe na mshono katikati. Chukueni mita 3.4. Fundi cherehani ashone pindo na kutia vitundu vya chuma kila sentimita 20 pande zote nne. Mafundi wa Kamukunji watawatengenezea fremu ya mabomba inayofunguka vipande vipande. Kitambaa kifungwe kwenye fremu kwa mipira, si kwa kamba: mpira huvuta sawasawa na kunyoosha mikunjo. Pakeni au mshonee ukingo mweusi wa sentimita 6 kuzunguka picha. Jicho huona picha kuwa angavu zaidi likiwa na weusi kando yake.

Nguvu ya mwanga hupimwa kwa lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango rasmi. Hesabu: eneo la skrini hiyo ni mita mraba 5 hivi, na ili kufikia mwanga wa jumba la sinema, kandela 48 kwa mita mraba, giza likiwa kamili zinatosha lumeni 770 kwenye kitambaa cha kawaida. Ila giza la ukumbi wa mtaa si kamili, taa ya projekta hupungua nguvu kadiri inavyotumika, na mfumo mzuri wa rangi hula mwanga mwingi. Kodini au mnunue yenye lumeni 3,000 hadi 3,500. Jihadharini na vijiprojekta vya bei rahisi vilivyoandikwa maelfu ya "lumeni" bila neno ANSI. Nambari hizo hazina maana.

Umbali wa projekta ni uwiano wa lenzi (nambari iliyo kwenye maelezo ya projekta) mara upana wa skrini. Lenzi ya 1.5 kwa skrini ya mita 3 inataka mita 4.5, yaani katikati ya watu. Ndiyo sababu vichwa na mikono ya watoto huonekana kwenye picha. Iwekeni kwenye stendi ya mita 2 juu ya njia ya katikati, au mwining'inize kwenye mbao za paa, kichwa chini, kisha mgeuze picha kwenye menyu. Lenzi iitazame skrini moja kwa moja, isielekee kwa mshazari. Kile kitufe cha kunyoosha picha iliyopinda hukata sehemu ya picha na kuitia ukungu, kwa hiyo sogezeni projekta kwanza, kitufe kiwe cha mwisho.

Sasa rangi, na hapa msiharakishe. Projekta hutoka kiwandani ikiwa kwenye mfumo mkali wa kuuzia dukani, wenye ukijani na tofauti kubwa ya mwanga na kivuli. Mfumo huo huzimeza nyuso nyeusi. Badilisheni uwe wa sinema. Kisha tafuteni ndani ya filamu yenyewe fremu ya mtu mweusi aliye kivulini au usiku, muisimamishe, mpandishe kiwango cha weusi kidogo kidogo hadi muone sikio na nywele zikitengana na ukuta ulio nyuma yake. Simameni hapo. Mkizidi, weusi wote utageuka kijivu na usiku utakosa kina. Fanyeni hivi kwa kila filamu, ukumbi ukiwa gizani, na mwandike nambari mlizotumia.

Sauti

Watu huvumilia picha iliyofifia kidogo. Maneno yasiposikika, huanza kuongea wao.

Spika mbili zenye amplifaya ndani yake, za inchi 12, zinatosha watu 80 hadi 100. Ziwe kwenye stendi, pande mbili za skrini, katikati ya spika ikiwa mita 1.8 hadi 2 kutoka chini, zikielekezwa theluthi ya nyuma ya ukumbi. Ukiziweka sakafuni, safu mbili za mbele hupigwa na kelele na miili yao huizuia sauti isifike nyuma. Ukiziweka nyuma ya watu, sauti hutoka mahali ambapo midomo haiko.

Adui mkubwa ni mwangwi. Ukumbi wa saruji ulio mtupu hurudisha kila neno mara kadhaa. Simama mbele, piga makofi mara moja, sikiliza. Ukisikia mlio wa kutikisika unaofuata, funikeni ukuta wa nyuma kwanza, ule unaotazamana na spika, kwa mablanketi mazito yaliyoning'inizwa sentimita 10 mbele ya ukuta, si kugandishwa juu yake. Kisha tandikeni mikeka kati ya skrini na safu ya kwanza. Watu wenyewe hunyonya sauti, hivyo mlichosikia kwenye ukumbi mtupu kitabadilika ukijaa. Mipangilio ya mwisho ifanyike dakika tano za kwanza za onyesho, fundi akiwa ameketi kati ya watu.

Kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti, punguzeni besi chini ya hezi 100, punguzeni tena kidogo kati ya 200 na 400 ambako kumbi hizi huvuma, na mpandishe kidogo kati ya 2,000 na 4,000 ambako konsonanti hukaa. Watu wakilalamika hawasikii, mkono hukimbilia kupandisha sauti yote. Aghalabu dawa ni kupunguza besi. Mazungumzo ya kawaida yawe karibu desibeli 70 hadi 75 katikati ya ukumbi; programu ya simu inatosha kupimia.

Kuna tatizo moja linalowachanganya mafundi wapya: muziki na milio ya magari inasikika vizuri, wahusika wanafungua midomo lakini maneno hayapo, au yako mbali mno. Spika ni nzima. Faili ina sauti ya njia sita, na mazungumzo yako kwenye njia ya katikati ambayo spika zenu mbili hazina. Ingieni kwenye mipangilio ya sauti ya programu mnayochezea, kwa mfano VLC, mchague sterio, ili njia ya katikati igawanywe kushoto na kulia. Afadhali zaidi, muombe faili ya sterio tangu kwenye barua.

Mvumo wa chini usiokoma hutokana na umeme. Chomoa chaja ya laptopu: mvumo ukikoma, hapo ndipo shida ilipo. Chomekeni projekta, laptopu, mikisa na spika kwenye soketi moja, na mtumie kisanduku cha DI chenye transfoma (hupitisha sauti bila kuunganisha umeme wa vifaa hivyo viwili) kati ya laptopu na mikisa. Mafundi wa Luthuli Avenue wanakifahamu.

Faili, waya na stima

Ombeni faili ya MP4 yenye picha ya 1080p, iliyobanwa kwa H.264, ya megabiti 10 hadi 20 kwa sekunde. Inachezwa na laptopu yoyote ya kawaida bila kukwama. Diski ifomatiwe exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4. Mwe na nakala mbili kwenye diski mbili tofauti. Kisha mtu mmoja aitazame filamu yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye laptopu ile ile itakayotumika. Kuruka ruka hakutoshi. Faili mbovu hupenda kukatika dakika ya 70. Zimeni intaneti, arifa, usasishaji na ile hali ya kulala. Jumbe za WhatsApp zisipande juu ya uso wa mhusika anayelia.

Waya wa kawaida wa HDMI hufika mita 10 hivi. Ukizidi, picha humetameta vidoti vyeupe au huzimika na kurudi. Tumieni vifaa vya kupitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6, au laptopu ikae karibu na projekta na sauti ndiyo isafiri.

Mzigo wote wa stima, yaani projekta wati 300, spika, laptopu na mikisa, hauzidi wati 700 hadi 800, hivyo jenereta ya kVA 2 inatosha. Ikae mita 30 mbali, nyuma ya jengo, kamwe isiwe ndani. Waya wa ekstensheni ulioviringishwa kwenye gurudumu uvutwe wote nje. Ukiachwa umeviringika hupata joto hadi kuyeyuka. Kifaa cha kununua kabla ya spika kubwa ni UPS (betri ya akiba inayoshika stima ikikatika) ya VA 1,000 kwa ajili ya projekta. Stima ikipotea ghafla feni husimama huku balbu ikiwa bado ya moto, na balbu hupasuka au kufa mapema. UPS hukupa dakika chache za kuizima ipasavyo. Na tokeni za stima zinunuliwe asubuhi, si saa ya onyesho.

Manukuu ya Kiswahili

Nairobi ina utamaduni wake wa madijei wanaosimulia muvi kwa Kiswahili na Sheng kwenye vibanda vya video, na ni ufundi wa kweli wenye hadhira yake. Lakini humfunika mwigizaji, na ukimya wa filamu hupotea wote. Kwa klabu inayofundisha kutazama, manukuu yanafaa zaidi, kwa idhini ya mwenye filamu. Programu ya bure ya Subtitle Edit inatosha. Hifadhini faili ya manukuu, yenye mwisho wa .srt, kwa usimbaji wa UTF-8.

Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 42, na yakae kwenye skrini kati ya sekunde 1 na 7. Mtu mzima husoma herufi 15 hadi 17 kwa sekunde, watoto wapeni 12. Vitenzi vyetu ni virefu, kwa hiyo fupisha bila huruma. "Nilikuwa nimekwisha kukuambia kwamba usimfungulie mlango" ni herufi 56, karibu sekunde nne za kusoma. "Nilikwambia usimfungulie" ni 24, na mlango tayari unaonekana kwenye picha. Kinachoonekana hakiandikwi. Pandisheni manukuu juu kidogo ya ukingo wa chini, vichwa vya mbele visiyafunike.

Mjadala

Acheni majina ya mwisho yapite yote. Ni watu waliofanya kazi, na watazamaji wanahitaji dakika hizo mbili. Taa ziwashwe nusu.

Swali la kwanza lisiwe "funzo ni nini?" Shule imetuzoesha kulitafuta kwenye kila hadithi, na likiulizwa kwanza ukumbi hutoa methali tatu kisha hunyamaza. Uliza: picha gani bado iko machoni mwako? Ulisikia nini ambacho hukukiona? Wape dakika tatu wazungumze wawili wawili, ndipo uulize ukumbi. Hata mwenye haya huwa na la kusema akishalijaribu kwa jirani. Maiki ishikwe na kiongozi, amsogelee anayeongea. Ukimkabidhi mtu maiki Nairobi, umempa jukwaa la kampeni.

Kisha rudieni tukio moja la dakika mbili au tatu, lililochaguliwa mapema na dakika yake kuandikwa. Mara ya kwanza bila sauti: wahesabu ni mara ngapi shoti (kipande cha picha kisichokatwa) inabadilika, na waseme kamera iko karibu na nani. Mara ya pili skrini imefunikwa, sauti tu: wataje kila wanachosikia, pamoja na mbwa, redio ya jirani, na pale ambapo hakuna kitu. Mara ya tatu vyote pamoja. Ni hapo watu hugundua kwamba hofu waliyoihisi haikutokana na maneno ya mhusika bali na mlango uliobaki wazi nyuma yake kwa shoti tano. Dakika 30 zinatosha kwa yote. Kama mwongozaji yupo, aongee baada ya zoezi hili, la sivyo kila mtu atangoja yeye aseme jibu.

Kwa vijana, onyesheni filamu za ndugu Lumière, zilizoonyeshwa kwa watazamaji wenye tiketi mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Kila moja ni ya sekunde 50 hivi, shoti moja, kamera haisogei. Halafu wapeni zoezi ambalo walimu wa filamu Ufaransa wamelitumia miaka mingi: kila mmoja atengeneze yake kwa simu. Simu iwe ya mlalo, upande mrefu chini, na ikae juu ya kitu kisichotikisika, dakika moja, hakuna kusogeza, kukuza wala kuhariri. Mahali achague mwenyewe: stejini, kibanda cha mboga, mfereji wa maji. Wengi hukosea kwa kuwaelekeza watu waigize, au kuwasha kamera jambo likishaanza. Waambie wasimame mahali hapo dakika kumi kwanza, waone watu huingia upande gani na kutoka wapi, ndipo waweke simu. Wanaopigwa picha waombwe ruhusa, na watoto wadogo wawe na barua ya mzazi na watu wazima wawili. Kazi zote zionyeshwe wiki inayofuata kwenye skrini ile ile kubwa, kwa giza na sauti ile ile wanayopewa waongozaji wengine.

Baada ya watu kutoka

Projekta iachwe feni ikizunguka hadi izime yenyewe. Waya zihesabiwe dhidi ya orodha kabla ya taa za ukumbi kuzimwa. Nambari za simu mlizokusanya mlangoni zitumike kwa matangazo ya klabu tu, na kwa walioridhia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu nyinyi pia.

Ndani ya wiki moja futeni faili kama mlivyoahidi na mumwandikie mwenye filamu: watu wangapi walikuja, umri wao, ilionyeshwaje, na maswali mawili matatu ya watazamaji kwa maneno yao wenyewe. Waongozaji wachache sana hupata taarifa kama hiyo kutoka popote, na ombi lenu lijalo litafunguliwa kwanza.